Mvumo Kwenye Kanda ya Baba

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo, na mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa masikio ya Mama. Daktari anasema kufikia katikati ya mwaka huenda asisikie kabisa. Anaomba kitu kimoja tu: kanda ya lile onyesho la ukumbi wa shule, marehemu Baba akipiga gitaa, mimi nikiimba. Yeye siku ile alikuwa zamu kazini. Tulipiga kwa sauti ya chini mno, akiiweka anasikia mvumo mtupu, shhhh mwanzo mwisho. Wewe ndiye fundi wa studio. Nakutumia kanda yenyewe, hakuna nyingine.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, mgongo ndio huo huo, tunakwenda nao. Kazi yenyewe si uchawi: unatafuta kipande ambacho hakuna anayepiga wala kuimba, kompyuta inajifunza mvumo, kisha inauchuja kwenye wimbo mzima. Baba sasa anasikika hadi kucha zikigusa nyuzi.

Nikwambie ukweli, roho iliniuma. Gitaa lile nililibeba mimi miaka sita, nikalibadilishia nyuzi. Siku ya jukwaa akakushika mkono wewe, mimi nikaambiwa nishike waya. Haya, yamepita. Nakurudishia kanda pamoja na wimbo uliosafishwa. Mwekee Mama.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Natumaini u mzima, maana mimi nina hasira. Mama alifurahi mpaka akalia, kisha akauliza, "Kumbe baba yenu alikuwa peke yake?" Sauti yangu imefifia, kama niko ndani ya pipa. Nimeisikiliza kanda ya zamani tena na tena. Kabla ya wimbo kuanza, gitaa limenyamaza, mimi natafuta sauti kwa kuvumisha mdomo umefungwa. Hapo ndipo ulipochukua kipande chako. Umeifundisha kompyuta kwamba mimi ndiye mvumo. Fundi wa miaka kumi na tano kazini hakosei hapo, mwenye kijicho ndiye.

Na usidhani donge ni lako peke yako. Wewe Baba alikuchukua kila safari, mimi nilipata jioni moja. Rudia kazi, Mama hana muda.

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko, na unisamehe kwa kimya. Kukosea nilikosea kweli: kipande nilikichagua kwa macho, kwenye skrini kilionekana kitupu. Lakini kabla sijakutumia, niliposikia umefifia, nilijua. Nikasikiliza tena, nikaona raha, nikaacha hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza Baba alikuwa wangu peke yangu. Miezi hii miwili nimekuwa nikiona aibu hata kuigusa barua yako.

Sasa nimerudia kwa nakala iliyobaki kwenye kompyuta, nimechukua mvumo wa mwisho wa kanda, baada ya makofi. Shhhh kidogo nimeiacha makusudi, nikiitoa yote nawe unakwenda nayo. Mwekee Mama, tafadhali.

Kaka yako

25 Juni

Kaka,

Sisi tupo. Kazi yako nzuri, nasikika hadi nikivuta pumzi. Nilimwekea Mama sauti mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya spika, akatikisa kichwa. Hasikii tena kitu, anasoma tunayomwandikia kwenye daftari. Akasema tusihangaike, ile ya kwanza anaikumbuka yote.

Nikamwandikia kwamba siku ile niliimba. Alisoma mara mbili. Akanishika shavu kwa upole, akaniambia nisijibandike kwenye kitu cha Baba.

Mdogo wako