Mama, Ugomvi Wote Ulikuwa Juu Yako

Shika Adabu, Likoni
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa tangu uanze ile dawa ya kuchua. Sisi huku hatujambo. Fidel amefunga shule na kazi yake ni kunimalizia mahamri kabla wateja hawajafika. Simu ninayo, mama, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utadhani nimefiwa.

Nianze na la kuchekesha. Kibanda changu cha chai kimepakana na duka la Mzee Ismail, fundi wa redio, mwenye rafu nzima ya santuri za zamani. Kila alasiri yeye na Erastus, karani wa bandarini aliyetoka Vihiga, hunywa chai yangu wakibishana juu ya waimbaji wawili wa muziki wa soul. Mzee Ismail huapa wallahi kwamba pwani hii haijatoa sauti kama ya Jumwa. Erastus husema Jumwa ni mtoto mbele ya Mekanze. Mwezi jana walinuniana siku nne, wakinywa chai huku wamepeana mgongo.

Mimi nikikanda unga, nimeuma leso nisicheke. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu sisi Wagiriama mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na kwamba Jumwa alipomzaa Kanze ndipo santuri zake zikaandikwa Mekanze, mama yake Kanze. Wala hawakujua Kanze ni nani, maana wao hunijua kwa jina la Mama Fidel.

Niliwaacha wabishane kwa sababu, nisikufiche, nilikuwa naona raha. Wewe ulituambia uliimba kidogo tu, watu hawakununua, yakaisha. Uliimba kidogo wapi, mama? Katika "Taa ya Jikoni" unachelewa nyuma ya ngoma hadi mtu anataka kukusukuma, kisha unaingia, na kibanda kizima kinaacha kutafuna. Hupigi kelele hata mara moja. Katika zile za Mekanze sauti imeshuka na kupata uzito. Kwenye "Dirishani" humwombi mwanamume arudi, unamwarifu tu ufunguo ulipo. Erastus anasema wimbo huo ndio uliomfanya ampigie mkewe simu. Santuri sita, majina mawili, kila jina likaonekana dogo. Ndiyo maana hakuna aliyekuhesabu.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Niliwaambia Jumwa na Mekanze ni mtu mmoja, yuko Kaloleni anafuga mbuzi, na ndiye aliyenizaa. Mzee Ismail alitafuta pa kukaa. Erastus alicheka hadi chai ikampalia, kisha wakapeana mikono, kila mmoja akidai ameshinda yeye. Santuri zote sita zikapigwa mfululizo, wanawake wa sokoni wakaingia kucheza, nami nikarudi nyumbani sauti imenikauka. Faki, mpwa wa Mzee Ismail, ana studio Kisauni. Anataka kukurekodi, wimbo wowote utakao, kwa sauti uliyonayo sasa.

Sasa nifike panaponiuma. Nilipokuwa na miaka tisa, siku moja uko shambani, utingo wa basi alileta barua kutoka studio ya Nairobi. Niliifungua. Walikuita ukarekodi santuri ndefu, nyimbo kumi. Nawe kila ulipokwenda huko uliniacha kwa nyanya wiki tatu, nne, nami nikilala nimekumbatia leso yako. Niliitia motoni chini ya sufuria ya maharagwe. Ulingoja miezi, kisha ukasema wamekusahau, ukaacha kuimba hata jikoni. Hawakukusahau, mama. Ni mimi. Na miaka yote hii nimekuacha uamini kwamba hukutakiwa.

Nakuomba msamaha. Ikiwa huwezi kunisamehe sasa, nitangoja, lakini kuja uje. Kaka Randu atakuleta Ijumaa kwa gari lake.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mzee Ismail anamsalimu Jumwa, na Erastus anamsalimu Mekanze. Ile barua siwezi kukurudishia, kwa hivyo chukua hii: studio inakuita, mama. Safari hii nenda, na mimi nitakaa nje ya mlango nikusikilize.

Ni mimi mwanao,
Kanze