Inspekta Ameanza Kufuga Kuku

Kambini, shamba la mahindi, Kitale
Jumatatu, baada ya kazi

Kwa Wekesa, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu zangu, ni nyingi kiasi kwamba bahasha karibu ipasuke. U mzima? Mama yako je, mgongo umemwacha, au bado anainama kama mtu anayetafuta sindano? Na yule ndama wenu mwekundu hapo Mabanga ameshaachishwa kunyonya? Mimi mjomba wako ni mzima kabisa. Baridi ya Kitale ilijaribu kuniua ikashindwa, sasa inanipisha njiani.

Kitabu cha pili ulichonitumia kilifika salama. Nilitaka nikushukuru, lakini ngoja kwanza usikie kilichonipata.

Kile cha kwanza nilikisoma kila Jumapili nyumbani kwa Mama Nafula, anayetupikia busaa, pombe yetu ya nafaka, hapa kambini. Wanaume wanazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na msomaji anakaa mlangoni, penye mwanga. Si mahali pa mtu hivi hivi. Hata nyapara hakai pale. Sasa, msomaji hawezi kusoma na kuvuta mrija wakati mmoja, kwa hiyo ikawa sheria: nikimaliza sura, nakunywa mimi peke yangu, wengine wangoje. Na yule mwandishi wetu alinijali, bwana. Sura zake zilikuwa fupi, na kila moja inaishia pabaya. Mlango unafunguka, kisu kinaonekana, basi, imekwisha! Navuta mrija polepole huku watu wazima wananililia, "Mzee Simiyu, tuhurumie, nani ameshika kisu?" Siku niliyosoma ile ya mwisho, Inspekta, yule mkamata wezi wa kitabuni, ananing'inia darajani kwa mkono mmoja na mamba yuko chini kafungua mdomo, nilisoma kwa nguvu hata ng'ombe wa Bwana, mwenye shamba, wakakataa kwenda mtoni juma zima. Uliza mtu yeyote.

Tangu hapo ni swali moja tu kambi nzima: ataokokaje? Barasa, dereva wa trakta, alisema ameliwa na hakuna la zaidi. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Huyu mwandishi namjua mimi. Kitabu cha pili kikija mtasahau kunywa. Kikiwachosha, mimi natoka hapa mlangoni, akae Barasa." Nilisema hivyo, mpwa wangu, na Mama Nafula alisikia.

Jumapili yenyewe watu walijaa mpaka wengine wakakalia kinu. Hata wale wa kanisani wasiogusa busaa walisimama dirishani, ati wanapita tu. Nikakohoa, nikafungua, nikasoma: "Baada ya kuokoka pale darajani, Inspekta aliacha kazi, akarudi kwao kufuga kuku."

Mirija yote ikatoka midomoni.

"Rudia," akasema Barasa.

Nikarudia.

"Aliokokaje?"

"Aliokoka."

"Si nimesikia aliokoka, kwani mimi ni kiziwi? Nauliza aliokokaje! Mamba je?"

"Mamba hakutajwa."

"Mzee, wewe umechana hiyo karatasi ukasokotea tumbaku!"

Mimi! Watu wakapiga kelele, "Kweli, juzi alikuwa anavuta!" Mmoja akaja kuninusa mfuko wa koti. Nikawaonyesha kitabu, nyuzi zilizoshona kurasa zake hazijaguswa. Lakini mtu anayemdai mamba wake utamtulizaje kwa nyuzi?

Nikaendelea, nikitumaini mwizi atatokea, hata kama ni wa kuiba kuku. Hakuja. Inspekta anajenga banda. Inspekta anachimba choo na kuwaeleza majirani kina chake. Inspekta anamwaga majivu kwenye viota kuua utitiri. Bwana shamba mwenyewe angesinzia. Na sura yenyewe, Wekesa, haina mwisho! Nafunua, nafunua, koo limekauka kama ganda la mahindi, mrija wangu umelala bure, na Barasa anavuta wake huku ananitazama machoni.

Mwishowe akasimama. "Ulisema mwenyewe. Toka mlangoni."

Nikachukua koti langu. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika nje niliposikia Mama Nafula: "Anakwenda wapi huyo? Mzee Simiyu, rudi ukae. Hapo kwenye majivu, ni majivu ya kuni gani?"

Kumbe kuku wake walikuwa wanamalizwa na utitiri. Na chungu ni chake, nyumba ni yake. Barasa alifungua mdomo, akaambiwa anywe, anyamaze.

Kwa hiyo mahali pangu ninapo, usije ukawaambia watu vingine. Kila Jumapili nakaa mlangoni nasoma habari za kuku, na akina mama wa mashamba ya jirani wanakuja kuniuliza juu ya mayai kama vile ni mimi niliyeyataga. Kuku wa Mama Nafula sasa wamenona. Jogoo wake juzi alimfukuza mbwa wa Bwana mpaka Suam, kule mpakani na Uganda, akarudi peke yake.

Lakini wanaume wamehamisha chungu nje, nyuma ya ukuta, na Barasa ndiye anayewasimulia Inspekta alivyotoka darajani. Mtu asiyeweza kusoma jina lake! Anatunga tu. Jana alifika mahali Inspekta amevua mkanda wa suruali kwa mkono uliobaki, anauzungusha kama kamba ya kukamatia fahali, mamba anaruka, na mkanda... hapo akanyamaza, akavuta mrija. Watu wakamlilia. Mimi nami kidole kilikuwa kimesimama kwenye mstari, sikio liko ukutani.

"Soma kwa sauti!" akasema Mama Nafula.

Nikapaza sauti: "Kuku wa mayai apewe maji safi asubuhi na jioni." Nilipomaliza, huko nje walikuwa wanapiga makofi.

Sasa siwezi kumuuliza Barasa, unajua mwenyewe. Ukija kunitembelea, usikae upande wangu. Kaa nje kama mgeni, usikilize mkanda ulishika nini, halafu uniambie tukiwa wawili. Usiseme nimekutuma.

Mwambie mama yangu, bibi yako, kwamba ninakula na ninavaa sweta. Msalimie shemeji yangu, baba yako, na dada yangu mwenye mgongo.

Mimi ni mjomba wako, msomaji mkuu wa mashamba yote ya Kitale,

Simiyu