Funga ya Mama Kabira na Shingo Yako

Riyadh, Saudia
13 Septemba 2013

Mpendwa mdogo wangu Selipher,

Pokea salamu nyingi za upendo kutoka kwa dada yako. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hulalamika kila nikimaliza kupiga deki ngazi za nyumba hii. Wewe waendeleaje huko Karantina? Joto la Jeddah limepungua? Nyumbani mahindi yamekomaa, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama hukuulizia kila mara, nami humjibu kwamba u mzima. Uongo huo umenichosha.

Sasa usikunje uso. Naandika kwa sababu simu unaikata kila nikitaja uvimbe wa shingoni mwako. Barua haikatiki hivyo; hata ukiichana, utakuwa umeshasoma mistari miwili. Najua unachoogopa. Ulimkimbia kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, ikama, kibali cha kuishi hapa, huna, na mlango wa hospitali unauona ni mlango wa jela. Sikucheki. Lakini kaa chini nikusimulie yaliyotokea hapa.

Mama Kabira, yaani bibi mkubwa wa nyumba hii, mama mzazi wa madam wangu, anaugua saratani ya matezi. Yake pia ilianza na uvimbe shingoni, usiouma. Alitibiwa miezi mingi, uvimbe ukapungua. Kisha madaktari wakasema wanataka kumpa dawa kali kuliko zote, ila hiyo itaua hata mbegu zinazozaa damu mifupani. Kwa hiyo lazima mbegu hizo zivunwe kwanza, zigandishwe, arudishiwe baadaye. Wao huziita seli shina. Zisipotosha, dawa hiyo hapewi.

Alidungwa sindano tumboni siku tano ili mbegu zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Kiuno kilimuuma hata nikawa namgeuza kitandani kama mtoto. Daktari alisema ale vizuri na anywe maji mengi. Lakini mama huyu hufunga kila Jumatatu na Alhamisi, na hakutaka kuacha. Asubuhi za siku hizo alinisukumia sinia lake, mkate, mayai, tende na maziwa, nile haraka kabla madam hajaingia. Nami nikala! Nilijiambia mfanyakazi hana macho wala mdomo, ya wenye nyumba hayanihusu. Kusema kweli, mayai yenyewe yalikuwa matamu.

Siku ya kuvuna ikaangukia Jumatatu. Wakamlaza, mrija mmoja ukitoa damu mkono huu, mashine ikichuja mbegu, mrija mwingine ukiirudisha damu mkono wa pili. Ni kazi ya saa nne au tano. Hata saa mbili hazikuisha, mishipa ikanywea, damu ikasitasita, midomo ikamfa ganzi, akazirai. Wakasimamisha mashine. Walichopata hakikufika hata robo ya kilichohitajika.

Nesi akauliza kama mgonjwa amekula na kunywa. Madam akasema ndiyo, sana. Mama Kabira, aliyekuwa ameanza kuzinduka, akanikazia macho. Selipher, nilipiga hesabu haraka. Nikisema, huenda narudishwa Kenya. Nikinyamaza, huyu anakufa nami nimeshiba chakula chake.

"Madam," nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "mafi kula, hakuna kula. Mafi maji. Leo amefunga. Chakula nimekula mimi."

Madam alinifokea mpaka watu wakageuka. Nesi hakuwa na muda wa kelele, alikuwa keshatundika chupa ya maji. Kesho yake mama akala, akanywa, wakavuna. Jumatano wakavuna tena, mpaka daktari akasema, "Halas, zimetosha."

Baada ya siku mbili Mama Kabira akaniita, akaniambia alijua fika kuwa dini yake inamruhusu mgonjwa kula. Aliogopa tu kumpunguzia Mungu ibada wakati anapomhitaji. Nilimwonea huruma sana. Halafu akasema, "Wewe una ulimi mrefu. Lete chai." Nikaenda jikoni nikalia. Hajapona bado, dawa kubwa ni mwezi ujao, na mwisho wake hakuna aujuaye. Ila nafasi anayo.

Ndipo nikajitazama. Siri yako nimeibeba vilevile tangu Machi, nikidhani huko ndiko kukupenda. Mficha maradhi kilio kitamfichua, nami kilio sikitaki. Huenda ni jipu tu, au kifua kikuu. Sijui, nawe hujui. Kwa hiyo jana nimempigia simu Mama yetu nyumbani, nimemwambia yote. Hakulia. Ameuliza tu unarudi lini. Msamaha wa serikali kwa wasio na karatasi, wa kurudi kwao bila kufungwa, uko wazi hadi mwanzoni mwa Novemba.

Wasalimie Rispah na Eucabeth unaoishi nao. Usiwagombeze, ndio walioniambia kuwa sasa hata shingo huwezi kugeuza.

Aliyekukabidhi barua hii ni Hezron, mtu wa kwetu, dereva wa ghala moja la Al-Sulay, hapa Riyadh. Hajaondoka. Yuko chini garini, na nimemkataza kupokea jibu la karatasi. Anakupeleka kwa daktari mmoja Msudani anayemtazama mgonjwa kabla ya kuuliza ikama. Usiseme unapika kwanza. Zima jiko, vaa abaya, ushuke.

Mungu akutangulie kwenye ngazi hizo.

Wako akupendaye na asiyekuogopa tena,
dada yako,
Truphena