Maharagwe ya Karanja

Mjukuu wangu mpendwa Muthoni,

Sisi huku Mukurweini tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babako amepona mgongo. Vaa sweta nzito, baridi ya huko Ulaya si ya mchezo.

Umeniuliza kama ni haki nchi kuchukua pesa ambazo nchi nyingine imeweka katika benki zake, ili wapewe wale iliowashambulia. Mambo ya benki siyajui. Najua ya ghala la baba yangu.

Nikiwa msichana kule Kutus, wakulima walikuwa wakiweka maharagwe yao katika ghala hilo, baba awatunzie. Mwaka mmoja Karanja aligombania mpaka wa shamba na jirani yake Wangari, mama mjane, akamchomea nyumba. Baba alikasirika, akampa Wangari magunia yote ya Karanja. Watu walipiga makofi, hata mimi.

Wiki hiyo hiyo wakulima wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua maharagwe yao.

"Kwani unamtetea Karanja?" baba alimuuliza mmoja.

"Hapana, alikosea sana. Lakini yale maharagwe yalikuwa yake. Na siku ukinikasirikia mimi?"

Kabla ya mvua, ghala lilikuwa tupu. Siwezi kusema baba alikosea, mpenzi wangu, kwa maana niliwaona watoto wa Wangari wakishiba. Lakini msimu uliofuata Wangari mwenyewe alivuna vizuri. Alipita mlangoni pa ghala letu na gunia mgongoni, akamsalimu baba kwa heshima, akaendelea nalo hadi kwake.

Nakuombea kila asubuhi.

Shosho wako