Ingia, Malimi

Pasiansi, Mwanza
4 Machi 1995

Mpwa wangu Suzana,

Habari za Dar? Huku tu wazima, ila masikio yananiuma kuliko hata mgongo. Tangu kila kitu kiwe ruksa, maduka ya Nyamagana yametoa spika nje, na kote ni kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Kinanichefua.

Katika ukoo huu wewe peke yako unajua kusikiliza, kwa hiyo nakuazima kanda. Upande wa kwanza ni Mmarekani na piano yake. Hana haraka; anapiga, ananyamaza, mpaka unajua anafikiri nini. Upande wa pili ni mimi na saksafoni yangu, na marehemu Lilavati kwenye piano, sebuleni kwao Mkuyuni. Anakohoa, anapiga peke yake kidogo, halafu anasema, "Ingia, Malimi." Nakala nyingine hakuna. Sikiliza umeketi, usipike.

Mjomba wako,
Malimi

Dar es Salaam
22 Aprili 1995

Mjomba, shikamoo.

Mgongo umepoa? Mimi mzima. Nilisikiliza nimeketi. Huyo Mmarekani kanipata kweli. Ya kwenu niliirudia mpaka jirani akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Kwa kuwa ilikuwa inakwaruza, niliwapelekea mafundi wa kurekodi waisafishe. Hii hapa mpya, anakuletea mama Gladness kwa treni. Sijaisikiliza, nimetaka uwe wa kwanza.

Mpwa wako,
Suzana

Pasiansi
9 Mei 1995

Suzana,

Marahaba. Afya usiniulize.

Wamempigia Lilavati ngoma za kinanda juu yake, zile zile za madukani. Saksafoni yangu ikianza tu, jamaa mmoja anataja duka lake la kurekodi kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na anarudia tena na tena. Nilitoka nje nikatema mate. Watu hawa hata maiti wangeipaka rangi ya mdomo. Kanda yenyewe nimeitupa shimo la choo, na bado naona mikono yangu michafu.

Nirudishie ile yangu ya zamani.

Mjomba wako

Dar es Salaam
30 Juni 1995

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kwa aibu. Ile ya zamani walisharekodi tangazo la sabuni juu yake. Upande wenu umebaki mwanzo tu, mpaka pale anaposema, "Ingia, Malimi." Fundi alicheka, akaniambia kanda ni kanda. Nilimchukia, kisha nikajichukia zaidi mwenyewe. Naituma ilivyo. Nisamehe mjomba.

Mpwa wako,
Suzana

Pasiansi
16 Julai 1995

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Kukusamehe bado, tuliache hilo kwanza.

Nimetoa saksafoni chini ya kitanda. Ngozi za vifuniko zimeliwa na mende, na meno ya mbele sina. Lilavati anakohoa, anapiga, ananiita. Nazima redio kaseti kabla muuza sabuni hajafungua mdomo, naingia. Sauti inatoka mbaya, inanitia kinyaa mwenyewe, na jirani amekwisha kunishitaki kwa balozi wa nyumba kumi. Kesho naingia tena.

Desemba uje. Uketi, usipike.

Mjomba wako,
Malimi