Mashini inasema si Swedi

Zuwena, Swedi wetu amekaa kwenye benchi la nje, amenyang'anywa kadi ya kazi. Sijui nimwambie nini.

Unajua kompyuta zetu hapa ofisi ya ardhi Rumonge zimejifunza jinsi kila mmoja anavyogonga herufi; mwendo ukibadilika, zinajifunga. Leo alikuwa akiingiza orodha ya mashamba ya waliokimbia mauaji ya 1972. Alipofika kwenye mashamba ya kijiji cha Kizuka, mashini ikamfungia. Eti siye yeye!

Shefu, yule Madamu mkuu wa ofisi, akaja mbio. "Swedi, umemuachia nani kiti?"
"Ni mimi, Madamu."
"Mashini inasema si wewe."

Si wewe! Angejibu nini? Akinyamaza, ataambiwa amempa mwingine neno lake la siri. Akisema kweli, kazi imekwisha, maana mwenye ndugu kwenye orodha haruhusiwi kuigusa. Na hakujua mpaka alipoliona jina!

"Andika tena, nione."

Akaandika mistari tisa, safi kabisa. Wa kumi, penye jina lile, akagonga polepole, herufi moja moja, mashini ikafunga tena.

Madamu akasoma jina kwenye skrini: Sumaili Bilali. Kisha akasoma kadi kifuani: Swedi Sumaili.

"Ni nani wako huyu?"

"Babu. Sote tunatumia jina lake. Nyumbani walituambia hatukuwahi kuwa na shamba."