Simu Niliyoisafisha

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu seremala,

Salamu nyingi. Sisi wazima, hofu kwako na mgongo wako. Nakuletea mwanangu. Tangu tumzike baba yake mwaka jana, hana rafiki ila simu. Anakula ameiinamia, ukimsemesha anaguna tu. Nasikia vijana wa karakana yako wameacha kukodolea vioo vya simu, asubuhi wanakimbia, mchana wanaranda mbao. Nisaidie, huyu ananipotea nikimwona.

Dada yako

Tarehe 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo unalalamika, kawaida yake. Mpwa alifika salama. Ijumaa tulifanya desturi yetu: simu ya kijana mpya naisafisha mwenyewe, nafuta kila kilichomo, inabaki ya kupiga na kupokea. Wengine hulia kama wanang'olewa jino. Wako alisema tu, "Mjomba, ngoja kidogo," mimi nikabonyeza. Siku hiyo hakula. Sasa anaranda vizuri, ingawa haongei. Samaki mkunje angali mbichi!

Mdogo wako

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Jana binti yangu mdogo kaniuliza, "Kaka akirudi, atatusikilizisha baba tena?"

Kumbe shemeji yako akiwa hospitali alikuwa anamtumia mwanawe ujumbe wa sauti kila siku, hadi siku ya mwisho. Mtoto hakuwa akicheza chochote, alikuwa anamsikiliza baba yake. Na mimi, mama mtu, chumba cha pili, sikujua!

Niambie hukufuta. Nakuomba, niambie ulitania.

Dada yako

Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilifuta. Fundi simu kahangaika siku mbili, kaambulia patupu. Nimempigia magoti mwanao mbele ya vijana wote. Alinisikiliza, akarudi kwenye randa yake.

Ndipo nikaiwasha simu yangu, ile niliyoifungia sandukuni mwaka jana ili niwe mfano kwa vijana. Humo mlikuwa na ujumbe wa sauti wa shemeji ambao sikuwahi kuusikiliza. Nilijiona shujaa, dada, kumbe mgonjwa ananiita. Nikamwita mpwa, tukasikiliza:

"Shemeji, mbona hupatikani? Ile stuli uliyotuundia, mguu mmoja unacheza. Nikipona nakuletea, uone aibu!" Kisha akacheka, akakohoa.

Mimi nililia. Mwanao alicheka, kicheko kile kile cha baba yake. Akanyoosha mkono.

"Mjomba, hii nampelekea mama. Ila wewe usiiguse tena."

Anakuja nayo Jumamosi. Mpe ile stuli arudi nayo, mguu anataka kuukaza mwenyewe.

Mdogo wako